Umetumwa nyumbani bila mshahara na una barua mbili za kazi Wilson: jinsi ya kuchagua

Wiki jana kijana mmoja alinikuta kwenye kibanda cha chai nje ya Wilson, uwanja wa ndege ndogo hapa Nairobi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaweka barua mbili mezani kabla chai yake haijafika. Kwa miaka mitano alikuwa rubani msaidizi wa jeti ya Embraer pale JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi. Sasa shirika lake limempa likizo bila malipo "mpaka hali itakapotengemaa". Barua ya kwanza ni ya kurusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kwenda mbuga ya Mara. Ya pili ni ya Dash 8, ndege kubwa zaidi ya marubani wawili, ya kukodishwa kwa mikataba, Juba na Somalia, wiki sita huko na wiki tatu nyumbani, na mshahara wake umeipita ile ya kwanza kwa mbali.

"Kapteni, mimi naona hii ya pili haina mjadala. Nitie sahihi leo?"

Nikamuuliza, "Na ile barua ya likizo iko wapi?"

"Iko nyumbani, Kapteni. Kwenye droo."

Nilimrudisha nyumbani akailete. Marubani wengi wanaokuja kuniuliza hulinganisha barua mbili, ilhali ziko tatu, na ile iliyo kwenye droo ndiyo inayoamua hizi nyingine zina thamani gani kwako.

Hatua ya 1: Isome barua ya likizo kama unavyosoma hali ya hewa

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haina kifungu kinachosema "mtumishi atakaa nyumbani bila malipo hadi aitwe". Inayo habari ya kupunguzwa kazi, kifungu cha 40: mwajiri atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi, achague wa kuondoka kwa kuangalia ukongwe kazini, ujuzi, uwezo na utegemevu, alipe likizo ulizolimbikiza, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ukiwa umetumikia miaka 6, hizo ni siku 90. Likizo bila malipo, kwa upande wake, ni makubaliano tu. Nguvu yake yote iko kwenye maneno ya barua uliyopewa na kwenye mkataba wa pamoja wa chama, kama unao.

Kwa hiyo chukua kalamu upige mstari chini ya majibu ya maswali haya. Je, umeruhusiwa kufanya kazi kwingine? Kama barua imenyamaza, andika uombe ruhusa kwa maandishi, usikisie. Je, nafasi yako kwenye orodha ya ukongwe inabaki palepale au inasimama siku ulipoondoka? Ukiitwa, una siku ngapi za kuripoti? Ukichelewa au ukikataa, unahesabiwa umejiuzulu? Nani atalipia simuleta, ile mashine ya mafunzo ya kuiga ndege, ya kukurudisha kwenye ndege yako ya zamani? Bima ya matibabu ya familia inaendelea au ilikatika mwezi ule ule?

Na usijiuzulu ili tu upate "barua safi" ya kuingilia kazi mpya. Ukijiuzulu leo na shirika likapunguza wafanyakazi mwezi ujao, kiinua mgongo cha kifungu cha 40 hukipati.

Mimi niliisoma barua yangu nusu. Mwaka 2020, baada ya Kenya kusimamisha safari za kimataifa za abiria Machi 25, nilitumwa nyumbani kama wengine. Safari za ndani zilirudi katikati ya Julai, nikaanza kubisha milango, na hatimaye kampuni moja ndogo ikanichukua. Nilitia sahihi siku hiyo hiyo, kwa furaha, mke wangu akapika pilau. Barua ya kuitwa ilipokuja ilinipa siku 14. Mkataba mpya ulitaka notisi ya siku 90. Hizo siku 76 zilizobaki katikati nilizilipa kutoka mfukoni, na kwa kuwa mfukoni hamkuwa na kitu, nilikopa sacco. Nilikopa ili nirudi kwenye kazi yangu mwenyewe.

Hesabu hiyo ndiyo ya kwanza kufanya, kabla ya mshahara, kabla ya aina ya ndege: siku za kuitwa upande huu, siku za notisi upande ule. Zikipishana, nani anabeba tofauti?

Hatua ya 2: Hakikisha karatasi zako ziko hai

Hii ni fupi. Cheti cha afya daraja la kwanza, kipimo cha urukaji kwa vyombo, daraja la Kiingereza (la 4 hupimwa upya kila miaka 3, la 5 kila miaka 6), na zile ruko tatu na tuo tatu, yaani kupaa na kutua mara tatu, ndani ya siku 90. Rubani aliyekaa nyumbani miezi minne huwa ameshapoteza hizo za mwisho na hakumbuki. Peleka kila kitu kwenye mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, mapema, kwa sababu kampuni itakayokuambia "anza Jumatatu" haitangoja foleni yako. Umri pia uhesabu: ukifika 60 huwezi tena kurusha abiria wa kulipa ukiwa rubani peke yako, na ukifika 65 mlango wa safari za kimataifa za marubani wawili nao unafungwa.

Hatua ya 3: Jua ni biashara ya nani unaingia

Ushauri mwingi utakaoukuta mtandaoni kuhusu mashirika madogo umeandikwa na Wamarekani kwa ajili ya Wamarekani. Kwao mashirika madogo hubeba abiria kwa niaba ya makubwa, ndege imepakwa rangi za shirika kubwa, na baadhi yana makubaliano ya kumhamisha rubani moja kwa moja kwenda juu. Tangu 2013 rubani msaidizi wao kwa kawaida lazima awe na saa 1,500 kwa jumla, sheria iliyotokana na ajali ya karibu na Buffalo ya Februari 2009. Hapa Nairobi hakuna ngazi ya namna hiyo. Kila kampuni ya Wilson ina mteja wake, na mteja huyo ndiye anayekulipa mshahara, iwe unamwona au humwoni. Uliza mteja ni nani.

Kuna mtalii. Safarilink na AirKenya ndizo anazozijua kila mtu: Mara, Amboseli, Samburu, Lewa, Nanyuki. Mtalii huja na nyumbu, Julai hadi Oktoba, halafu Desemba, halafu masika yakianza anapotea. Katika msimu utatua mara tano au sita kabla ya chakula cha mchana, kwenye viwanja vya murram ambako dereva wa Land Cruiser hutangulia kufukuza pundamilia. Hakuna kazi inayomfundisha mtu mikono kama hii. Ila ukitoka kwenye Embraer jiandae: kwenye Caravan wewe ndiye unayetoa mafuta kidogo kwenye chupa asubuhi kuangalia kama yana maji, unayepanga mabegi kwenye pango la tumboni, unayemfunga mkanda bibi wa miaka themanini, na unayewaambia wote kwa tabasamu kwamba upepo wa mchana utawarusha kidogo. Nimewaona watu wazuri wa jeti wakishindwa na mabegi, si na ndege.

Kuna abiria wa ndani, anayekwenda Kisumu kwa mkutano na Mombasa kwa harusi. Jambojet hufanya hivyo kutoka JKIA kwa Dash 8-400. Wilson nako kuna wanaofanya kwa ndege za rika la wazee kidogo. Huyu mteja yupo mwaka mzima, hivyo rosta yake haiyumbi sana. Ila hutegemea bei ya mafuta, na vita vya nauli kwenye njia ya Mombasa huua kampuni.

Kuna mashirika ya misaada. Lokichoggio ya zamani, Dadaab, Wajir, Mandera, Juba, Mogadishu. Mkataba wa shirika kubwa la misaada hulipa vizuri, mara nyingi kwa dola, na hukagua ndege kuliko mtu yeyote. Lakini mkataba ni wa muda: ukiisha na usiporudishwa, ndege hurudi Wilson na kuegeshwa, nawe pamoja nayo. Na kuna hatari ya kweli. Mei 4, 2020, ndege ya Embraer 120 iliyosajiliwa Kenya ilitunguliwa ikitua Bardale, Somalia, ikiwa na vifaa vya matibabu. Wote sita waliokuwemo walikufa. Ukipewa barua ya njia hizo, swali la kwanza baada ya siku za notisi ni bima ya vita: ipo, inakuhusu wewe mwenyewe au ni ya chuma tu, na nyumbani atalipwa nani.

Kuna miraa. Gari likifika kutoka Maua kabla jua halijachomoza na mzigo ukiwa bado na umande, huo ni mshahara wako, maana miraa ya jana haina mnunuzi. Kazi hii ilikuwa tamu mpaka Machi 2020, Somalia ilipofunga soko. Lilifunguliwa tena Julai 2022. Marubani waliokuwa wakitegemea miraa pekee walikaa zaidi ya miaka miwili wakingoja serikali mbili zipatane, na hakuna aliyewauliza maoni.

Kuna wagonjwa. Flying Doctors ya AMREF, iliyoanza 1957, bado iko pale Wilson, na kuna wengine wadogo. Saa za kuruka ni chache, saa za kungoja ni nyingi, na usiku wa manane simu ikilia unatakiwa uwe na akili timamu. Kama una watoto wadogo na unataka kulala kwako, inafaa. Kama unatafuta saa za kuruka za kujaza daftari lako la urubani, haifai.

Halafu kuna majirani: Precision Air na ATR zake, Air Tanzania, RwandAir, Uganda Airlines na CRJ-900. Kanuni za anga za nchi za Afrika Mashariki zinafanana sana, kwa hiyo leseni yako ya Kenya haitupwi, lakini kuithibitisha huchukua muda na kibali cha kazi huchukua muda zaidi. Usiache kazi ya Wilson kwa sababu ya ahadi ya jirani mpaka kibali kiwe mkononi.

Hatua ya 4: Fungua daftari la saa, tafuta safu iliyo tupu

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuangalia ukubwa wa ndege. Chukua daftari lako, au faili lako la kompyuta, ujumlishe kila safu pekee: saa zote, saa za injini zaidi ya moja, saa za injini za tabaini (turbine), saa ukiwa rubani mkuu, saa za marubani wawili, saa kwenye ndege zenye uzito wa juu unaozidi kilo 5,700.

Hiyo namba ya mwisho ikariri. Mashirika mengi, hasa ya Ghuba na ya Asia, huuliza saa zilizo juu ya kilo 5,700. Caravan haifiki kilo 4,000. Pilatus PC-12 ni kilo 4,740. Twin Otter ina kilo 5,670, yaani imekosa mstari kwa kilo 30, na nimewahi kumwona mtu akigundua hilo baada ya kuruka saa 1,800 akidhani anajenga safu hiyo. Dash 8-100 ina zaidi ya kilo 15,000, na ile 400 inakaribia kilo 30,000.

Sasa angalia safu yako iliyo tupu. Rubani msaidizi wa jeti wa miaka mitano kwa kawaida ana saa nyingi nzito na za marubani wawili, lakini safu ya rubani mkuu ni ile ile aliyotoka nayo shule ya urubani: mia moja na ushee kwenye Cessna 172. Huyu, Caravan akikaa kiti cha kushoto, cha rubani mkuu, inamjazia pengo ambalo Dash 8 kiti cha kulia, cha msaidizi, haitalijaza hata akiruka miaka mitatu. Mwenzake aliyetoka kwenye Caravan, akiwa na saa 2,000 za rubani mkuu na sifuri juu ya kilo 5,700, hesabu yake imepinduka: achukue Dash 8 hata kwa mshahara mdogo.

Uliza basi kwa maneno yasiyo na mwanya: "Nitakaa kiti gani, na lini?" Jibu la "tutaona utakavyoendelea" maana yake ni kiti cha kulia. Kwenye Caravan, uliza pia kama kampuni huweka marubani wawili na yule wa pili anaandikaje saa zake. Ukiandika saa ambazo ndege na mkataba havikupi haki ya kuziandika, mtu wa mahojiano Doha atazifuta mbele yako kwa kalamu nyekundu.

Kuna gharama iliyojificha. Ukiruka Caravan miaka miwili, idhini yako ya kurusha Embraer italala. Kuiamsha ni safari ya simuleta, na gharama yake ni ya dola. Rudi kwenye barua ya droo: inasema nani atalipa?

Hatua ya 5: Uliza habari ya Aprili

Kila mtu akikupa barua hukuonyesha Agosti. Wewe omba uonyeshwe Aprili.

Tuseme kampuni ya kwanza inalipa 180,000 za msingi na 1,500 kwa kila saa ya kuruka. Ya pili inalipa 250,000 bila posho ya saa. Agosti ukiruka saa 85, ya kwanza inakupa 307,500. Unafurahi. Aprili mvua imejaa, viwanja vya udongo mweusi vimefungwa, umeruka saa 25: unapata 217,500. Kodi ya nyumba haikupungua, wala karo. Muulize rubani wa pale, si meneja, "Aprili iliyopita uliruka saa ngapi? Na Novemba?" Kisha piga hesabu ya mwaka mzima kwa namba alizokupa.

Uliza pia kama wewe ni mwajiriwa au "mshauri". Kampuni kadhaa hupenda kumchukua rubani kama mkandarasi: wanakata kodi ya zuio ya asilimia 5 na mshahara unaonekana mnono, kwa sababu ile asilimia 2.75 ya afya ya jamii, 1.5 ya nyumba, NSSF na kodi ya mshahara hazipo kwenye karatasi. Kodi yako yenyewe haijaenda popote, KRA watakukuta Juni. Na siku kazi ikipungua, mkandarasi hana kifungu cha 40 cha kumkinga. Umeshatumwa nyumbani mara moja. Usikubali mara ya pili iwe rahisi kuliko ya kwanza.

Barabara itie kwenye hesabu, kwa ufupi: anayeishi Rongai na kuripoti Wilson saa kumi na moja alfajiri hulala vizuri kuliko anayeishi Rongai na kuripoti JKIA.

Hatua ya 6: Bondi

Kampuni ikikulipia idhini ya aina mpya ya ndege, itataka ufungwe kwa bondi: ukiondoka kabla ya muda, uirudishie gharama. Ni haki yao, simuleta si bure. Linalobishaniwa ni jinsi kamba inavyolegea.

Tuseme bondi ni milioni 2 kwa miezi 24. Kama inapungua kila mwezi, ukiondoka baada ya miezi 9 unadaiwa 1,250,000. Kama haipungui, unadaiwa milioni 2 nzima hata ukiondoka mwezi wa ishirini na tatu. Hizo ni kazi mbili tofauti hata kama mshahara ni mmoja. Sasa kumbuka kwamba wewe unaweza kuitwa urudi wakati wowote. Bondi isiyopungua kwa mtu aliye kwenye likizo bila malipo ni ukuta.

Maneno ya kuomba yaongezwe, nami nimeshaona kampuni tatu zikikubali: kwamba bondi itapungua kwa sehemu sawa kila mwezi, kwamba kampuni ikikuachisha yenyewe, haidai kitu, na kwamba ukiitwa na mwajiri wako wa awali, notisi itakuwa siku zilizo kwenye barua ya kuitwa. Meneja wa Wilson si mjinga. Anajua umetoka wapi na anajua unaweza kurudi. Anachotaka ni kujua mapema. Ukimficha, ndipo anapoandika siku 90.

Angalia pia kipindi cha majaribio: sheria inaruhusu miezi 6, na inaweza kuongezwa kwa ridhaa yako isizidi mwaka mmoja. Kampuni inayoandika majaribio ya mwaka mzima tangu mwanzo inakuambia jinsi inavyoheshimu maandishi. Na uliza bima ya kupoteza leseni. Rubani akipatikana na shida ya moyo, fundi wa ndege aliye na shida hiyo hiyo anaendelea kula, yeye hali.

Hatua ya 7: Nenda ukaone kwa macho

Usitie sahihi kabla hujakaa pale asubuhi moja. Nenda kaunta ya abiria wa safari za mbugani, saa moja asubuhi. Kikomo cha begi kwa kawaida ni kilo 15, begi laini. Atakuja mtalii na sanduku gumu la kilo 23 na lenzi ya kamera mabegani. Simama kando utazame. Je, sanduku linapandishwa kwenye mizani? Je, namba inayoandikwa ndiyo iliyosomwa? Je, rubani anapewa karatasi hiyo au anaambiwa tu "iko sawa, Kapteni"?

Mizani hiyo ina maana kubwa Wilson kuliko Mombasa. Uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 27, hewa ni nyembamba kana kwamba uko futi 8,200, na injini na bawa havijui kusoma kalenda ya kampuni. Kilo arobaini zilizosamehewa kaunta utazikuta kwenye uzio wa mwisho wa barabara ya kurukia.

Kisha zungumza na mafundi. Wanunulie chai, uwaulize swali moja: "Mara ya mwisho rubani kukataa ndege hapa, ilikuwaje?" Wakicheka na kukuelezea kisa, nani alikataa, kasoro gani, ikatengenezwa lini, uko mahali pazuri. Wakitazamana na kunyamaza, kunywa chai yako uondoke. Mimi sijawahi kuona swali lingine linalofaa kuliko hilo. Nimeliuliza sehemu nne, na sehemu moja walitazamana. Mshahara wao ulikuwa mkubwa kuliko wote.

Hatua ya 8: Kubali moja, kataa nyingine kwa simu

Kijana alirudi Alhamisi na barua zote tatu. Ya droo ilimpa siku 21 za kuripoti akiitwa, na ilisema wazi kuwa akichelewa amejiuzulu. Ile ya Dash 8 ilikuwa na notisi ya miezi mitatu na bondi isiyopungua ya miaka miwili, na bima ya vita ilitajwa kwa ndege tu. Ile ya Caravan ilikuwa na notisi ya siku 30, bondi ndogo inayopungua kila mwezi, na kiti cha kushoto baada ya saa 100 za kusimamiwa. Tofauti ya siku 9 ikabaki.

"Nimwambie nini meneja, Kapteni?"

"Mwambie ukweli. Peleka na barua yenyewe."

Alikwenda. Meneja akaisoma, akamuuliza mbona wengine huwa hawamwonyeshi, akaandika 21 juu ya 30, wote wawili wakatia herufi zao pembeni.

Kama kampuni ya Dash 8 ingekubali kurekebisha bondi na bima, labda ningemshauri vingine. Ana deni la shule ya urubani na dola ni dola. Aliwauliza. Walijibu kwamba mkataba wao ni mmoja kwa wote.

Kukataa nako kuna adabu yake. Piga simu wewe mwenyewe, siku ile ile uliyotia sahihi kwingine, kabla hawajasikia kutoka kwa mtu wa mafuta. Taja sababu moja ya kweli, washukuru, uwaombe wahifadhi faili lako. Usitume ujumbe wa simu, na usinyamaze ukitumaini watasahau. Wilson ni kijiji: meneja uliyemkimbia leo utamkuta mwaka kesho akiwa mkaguzi wako, mko wawili ndani ya ndege moja, yeye na kalamu, wewe na usukani.

Jumatatu nilipita karibu na Caravan yao. Kijana alikuwa ameinama kwenye pango la mizigo, shati limemtoka suruali, akimbembeleza Mjerumani mmoja atoe tripodi kwenye begi ili lifungike.